NANI ATAWASEMEA WASIOZALIWA? AMANA YA VIZAZI VIJAVYO NA UTAWALA WA KURA

(Maandishi ya mhadhara uliosomwa mbele ya waumini, Mji Mkongwe, Unguja)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, waliotangulia na watakaofuata. Rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake na kila aliyeshika mwendo wao.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, tumetakiwa tuzungumzie suala ambalo kwa kulitazama juu juu linaonekana kuwa ni la wanasiasa na wanasheria, lakini ukilichimba utalikuta limo ndani ya dini yetu, ndani ya nyumba zetu na ndani ya mji huu tunaokaa. Suala lenyewe ni hili: katika utawala ambao viongozi huwekwa kwa kura, ni nani anayewasemea watu ambao bado hawajazaliwa? Mtoto atakayezaliwa Malindi au Shangani mwaka 2060 hana kitambulisho cha kupigia kura, hana mwakilishi barazani, wala hawezi kuandika barua gazetini. Pamoja na hayo, maamuzi tunayoyapitisha leo ndiyo yatakayomwekea au kumnyima maji ya kunywa, ardhi ya kulima na nyumba ya kukaa.

Forodhani kama kitabu kilicho wazi

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tusimame Forodhani, tuipe bahari mgongo, tutazame mbele yetu. Upande mmoja ipo Ngome Kongwe. Jirani yake lipo jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash bin Said mwaka 1883. Bustani yenyewe tunayokaa jioni iliwekwa katika miaka ya 1930, na ikafanyiwa matengenezo makubwa yaliyomalizika mwaka 2009 kwa msaada wa Aga Khan Trust for Culture. Huyo huyo Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta mjini maji ya chemchemi kwa mfereji kutoka upande wa Bububu. Hakuna hata mmoja katika sisi aliyemchagua, na wala yeye hakuwa akitafuta kura zetu, lakini wazee wetu waliyanywa maji yale muda mrefu baada ya yeye kuzikwa.

Hatusemi haya kwa kutamani kurejea enzi za masultani. Utawala wa mtu mmoja humtegemea mtu mmoja. Akiwa mwema watu hufaidika, akiwa fisadi hapana wa kumwondoa. Zanzibar imepitia usultani, ukoloni na chama kimoja, na katika kila zama hizo walikuwepo waliokula cha kesho leo. Tunachosema ni kwamba mali iliyopo mbele ya macho yetu haikuchumwa na sisi. Tumeirithi, na mwenye kurithi anajua kuwa naye yuko njiani kurithiwa.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Sherehe zikafanywa, wageni wakaongezeka. Lakini kuanzia mwaka 2012 sehemu za Beit al-Ajaib zilianza kuanguka, na jengo likafungwa kwa wageni. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi ya matengenezo imekwisha kuanza, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa uliporomoka, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Hebu tujiulize kwa insafu. Ni kura gani iliyopigwa ya kuliangusha jengo lile? Ni baraza gani lililokaa likaamua kuwa wajukuu wetu wasiione saa ile? Hakuna. Liliangushwa na miaka mingi ya kuahirisha. Mafundi wetu wanaijua siri ya nyumba hizi. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Dari zake zimebebwa na boriti. Bati likivuja, maji huingia katika ncha ya boriti iliyomo ndani ya ukuta, nayo ikaoza polepole bila ya mtu kuona. Ukuta ukipakwa saruji badala ya chokaa, unyevu hufungika ndani usipate pa kutokea. Mwaka wa kwanza hapana kinachoonekana, na wa pili hivyo hivyo. Mwaka wa ishirini nyumba inaanguka, na aliyeacha kuziba bati amekwisha kustaafu. Wahenga walituusia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawakutaja jambo moja tu: mara nyingi mwenye kuuona ufa ni mtu mwengine, na mwenye kuujenga ukuta ni mwengine.

Kwa nini kura huona karibu

Katika nchi yetu uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka mitano. Kiongozi anayetumia fedha mwaka huu kubadilisha boriti za jengo la umma hatapigiwa makofi, kwa sababu jengo litaonekana vile vile lilivyokuwa. Anayejenga jipya atakata utepe na kupigwa picha. Hii ni tabia ya mizani yenyewe: mzigo unabebwa leo na wenye kura, na manufaa yanapokewa kesho na wasiokuwa na kura. Lawama si ya viongozi peke yao. Sisi wapiga kura ndio tunaouliza, "Umetuletea nini?" Ni nadra kumsikia mtu akiuliza, "Umetuhifadhia nini?"

Mifano ya kisiwa hiki inatosha. Mchanga wa kujengea uliochimbwa katika mashamba ya Kaskazini Unguja haurudi. Umeacha mashimo mahali palipokuwa na minazi na mihogo. Kwa sheria tunauita maliasili isiyorejesheka, kisha tunauchukua kama kwamba unaota. Wakati huo huo watu wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabu Zanzibar kuwa na watu 1,303,569; ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,889,773. Katika miaka kumi wameongezeka zaidi ya nusu milioni, na visiwa ni vile vile. Hao ndio wanaokuja kuuliza mchanga uko wapi na maji yako wapi.

Lipo pia suala la madeni. Ukuta wa bahari wa Mizingani, hatua chache kutoka Forodhani, ulijengwa upya chini ya mradi wa huduma za miji uliopata mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2011. Mikopo ya namna hii hulipwa kwa miongo kadhaa, maana yake watakaoimaliza ni watu waliokuwa watoto, au hawakuwa wamezaliwa, siku mkataba ulipotiwa saini. Je, ni dhulma? Tunasema inategemea. Ikiwa deni ni la miaka arobaini na ukuta utasimama miaka arobaini ukiuzuia mji usiliwe na mawimbi, basi anayelipa ndiye anayefaidika, na hapo pana uadilifu. Ama ikiwa deni ni refu na kilichonunuliwa kimekwisha kuliwa, hapo mjukuu analipia karamu ambayo hakualikwa. Kipimo ni hiki: umri wa deni usipite umri wa manufaa yake.

Shauri la Sayyidna Umar (R.A.)

Wengine hudhani kuwa kuwafikiria wasiozaliwa ni fikra mpya iliyotoka Ulaya. Hapana. Kadhi Abu Yusuf, katika Kitab al-Kharaj alichomwandikia Khalifa Harun al-Rashid, ameeleza kwa urefu kisa cha ardhi ya Sawad, yaani mashamba yenye rutuba ya Iraq. Jeshi la Waislamu lilipoiteka ardhi ile, wapiganaji walitaka igawiwe baina yao kama ilivyogawiwa Khaybar. Hoja yao haikuwa dhaifu, na miongoni mwa waliotaka igawiwe walikuwemo masahaba wakubwa kama Bilal na Abdulrahman bin Auf (R.A.).

Sayyidna Umar aliona vyengine. Alihoji: ikigawiwa leo pamoja na watu wake, watakaokuja baadaye watakuta nini? Mipaka italindwa kwa mali gani? Mayatima na wajane wa miji ile watalishwa na nini? Lakini hakutoa amri akafunga mlango. Aliwakusanya Muhajirina wakatofautiana, kisha akawaita watu kumi katika Ansari, watano wa Aus na watano wa Khazraj, akawaeleza kuwa yeye ni mmoja wao na kwamba hataki wafuate matamanio yake. Mjadala ulichukua siku. Hatimaye akaegemea aya za Suratul Hashr, ambazo baada ya kuwataja Muhajirina na Ansari zinawataja wale wanaokuja baada yao, akafahamu kuwa hata wasiokuwepo wana fungu. Wakamkubalia. Ardhi ikabaki mikononi mwa waliokuwa wakiilima, ikapimwa na Uthman bin Hunayf, ikawekewa kharaji, na mapato yake yakaingia hazina.

Katika kisa hiki tunapata mambo matatu. Kwanza, rasilimali haikugawiwa. Kilichogawiwa ni pato lake. Pili, uamuzi ulipitia katika shura, na waliopinga walisikilizwa hadi mwisho. Tatu, na hili husahauliwa, walioambiwa wasubiri hawakuachwa na njaa: Sayyidna Umar aliweka diwani, daftari la posho, kila mwenye haki akapata riziki yake. Hakuwatoza walio hai ili awape wasiozaliwa kisha akawaacha mikono mitupu.

Wakfu: mafanikio yake na maradhi yake

Msingi huo huo ndio wa wakfu. Bwana Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Sayyidna Umar, katika shamba alilolipata Khaybar, alizuie asili yake na atoe matunda yake, lisiuzwe, lisitolewe zawadi, lisirithiwe. Kwa njia hiyo misikiti yetu ilipata minazi ya mafuta ya taa, visima vilichimbwa, na nyumba za Mji Mkongwe zikawekwa kwa ajili ya masikini, wasafiri na vizazi vya wenyewe. Mwenye kuweka wakfu anawapa sauti watu asiowajua. Sharti lake linasema kwa niaba yao baada ya yeye kufa.

Hata hivyo tuwe wakweli. Wakfu haukujilinda wenyewe. Serikali ya kikoloni iliweka makamishna wa wakfu mwaka 1905. Baada ya mwaka 1964 mali nyingi zilibadilika hali. Na leo ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2007. Katika safari hiyo ndefu tumejifunza kuwa amana huweza kufa kwa njia tatu. Inakufa pale msimamizi anapoachwa bila ya kuulizwa hesabu. Inakufa pale kodi ya nyumba inapokuwa ndogo kiasi kwamba haiwezi kununua hata chokaa, mpangaji akawa anakaa kwa nafuu leo katika nyumba itakayomwangukia mwanawe. Na inakufa pale dola inapoamua kuwa haja ya leo ina nguvu kuliko sharti la jana. Kwa hiyo anayedhani kuwa sheria peke yake itawalinda wasiozaliwa, naye atazame magofu ya wakfu mjini humu. Sheria ni ukuta; unahitaji mlinzi na unahitaji fundi.

Wenzetu wamefanya nini

Hekima ni kitu kilichompotea Muislamu, popote anapoikuta aichukue. Kuwait, nchi ya Kiislamu yenye Bunge la kuchaguliwa kwa sehemu kubwa ya historia yake ya uhuru, ilianzisha Mfuko wa Vizazi Vijavyo mwaka 1976, ikiingiza humo asilimia 10 ya mapato ya dola kila mwaka. Nchi ilipovamiwa mwaka 1990, akiba ile ndiyo iliyowabeba na kusaidia kuijenga upya. Akiba haiozi. Lakini mwaka 2020, bei ya mafuta ilipoanguka, ilipitishwa sheria ya kusitisha mchango huo katika miaka isiyokuwa na ziada. Mfuko ule ule unatufundisha mara mbili: namna ya kuweka, na wepesi wa kuacha kuweka.

Finland iliunda kamati ya Bunge inayoshughulikia mustakbali mwaka 1993. Wales ilipitisha sheria mwaka 2015 inayozitaka taasisi za umma zipime athari za maamuzi yao kwa vizazi vijavyo, na ikaweka kamishna wa kuwasemea. Hungary nayo ilimweka kamishna wa aina hiyo mwaka 2008, lakini kuanzia mwaka 2012 ofisi yake ilipunguzwa ikawa ndani ya ofisi nyengine. Huko Ufilipino, mwaka 1993, Mahkama ya Juu ilikubali watoto wasimame kudai misitu isikatwe ovyo, kwa ajili yao na kwa niaba ya watakaozaliwa.

Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbele katika maandishi. Katiba yao ya mwaka 2010 inatambua haki ya mazingira safi kwa kizazi cha leo na cha kesho, na katika misingi ya fedha za umma inataka mzigo na faida ya mikopo vigawiwe kwa uadilifu baina ya walio hai na wajao. Tusidhani kuwa kuandika kumemaliza kazi. Deni la Kenya limekua baada ya maandishi hayo. Ila mwananchi wa huko, anapokwenda mahkamani, ana mahali pa kuweka kidole.

Na sisi wenyewe tumewahi kuonesha kuwa kura inaweza kuona mbali. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakaukubali utaratibu wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katika mabadiliko ya Katiba ya mwaka huo, vifungu kadhaa vya msingi viliwekewa sharti kuwa visibadilishwe na Baraza la Wawakilishi peke yake bila ya kurejea kwa wananchi. Wenye wingi wa siku moja walikubali kujifunga mikono. Ikiwa tuliweza kufanya hivyo kwa ajili ya amani, hakuna sababu ya kushindwa kwa ajili ya maji na ardhi.

Pingamizi mbili

Atasema msemaji: "Mnazungumza habari za mwaka 2060, na huku watu hawana chakula cha usiku." Hoja hii ni nzito, na hatuipuuzi. Muuza pweza na mishkaki wa Forodhani anaishi kwa mauzo ya jioni ile ile. Bustani ilipofungwa kwa matengenezo, faida ya miaka mingi ijayo ilianza kwa khasara ya wenye meza zao. Jawabu tunalipata katika diwani ya Sayyidna Umar: anayetakiwa asubiri kwa manufaa ya wengine alipwe subira yake. Mchimbaji mchanga anayezuiliwa apatiwe kazi, na mpangaji wa nyumba ya wakfu anayepandishiwa kodi apandishiwe kwa hatua, na masikini asamehewe. Kumbebesha masikini wa leo mzigo wa tajiri wa kesho si uadilifu.

Na atasema mwengine: "Mnawafunga wajukuu kwa rai zenu, pengine wao watataka vyengine." Ni kweli hatujui watakachotaka. Ndiyo maana tunatakiwa tuwaachie uwezo wa kuchagua. Aliyerithi nyumba nzima anaweza kuihifadhi, kuigeuza skuli au kuibomoa. Aliyerithi kifusi hana hiari.

Tunachokipendekeza

Kwanza, kila mswada wa matumizi makubwa na kila mkopo uambatane na karatasi moja ya lugha nyepesi: nani atalipa, hadi mwaka gani, na kitu hicho kitadumu miaka mingapi. Pili, sehemu maalumu ya mapato ya utalii iwekwe kisheria kwa matengenezo ya Mji Mkongwe, chini ya Mamlaka iliyoanzishwa mwaka 1985 kwa kazi hiyo, na hesabu zake zitangazwe kila mwaka. Tatu, Zanzibar ilitunga sheria yake ya mafuta na gesi mwaka 2016 na kutia saini mkataba wa utafutaji na kampuni ya RAK Gas mwaka 2018. Basi kanuni ya kuzuia asili na kula pato iwekwe kabla ya tone la kwanza kuuzwa. Ikishaingia fedha, kila mtu atakuwa na haja nayo. Nne, mabaraza ya watoto na ya vijana yasiwe ya kuimba siku za sherehe. Yaulizwe rai, na rai zao zijibiwe kwa maandishi.

Tano ni letu sisi wenyewe, halihitaji Bunge wala Baraza. Kila msikiti wenye mali ya wakfu usome hesabu zake mbele ya waumini angalau mara moja kwa mwaka: kilichoingia, kilichotoka, na nyumba ipi inavuja. Hatuwezi kuidai serikali uwazi ambao sisi hatunao mihrabuni petu. Na msimu wa uchaguzi ukifika, mgombea wa chama chochote aulizwe swali moja mbele ya watu: "Ni kitu gani utakachokitengeneza ambacho hakitaonekana kabla ya muda wako kumalizika?" Akikosa jawabu, tumejua.

Ndugu zetu, Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, kama anaweza kuupanda basi aupande. Mwenye kupanda saa ile hatazamii kula. Sisi tumepewa muda mrefu zaidi ya huo, na tumepewa kura, na tumepewa mji uliojengwa na mikono isiyokuwa yetu. Majuto ni mjukuu. Nasi tusiwaachie wajukuu wetu majuto yakiwa ndiyo urithi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana zake, awarehemu waliotutangulia, na awape kheri watakaotufuata. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.